Masomo Unayoyafunga Haraka

Mshauri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto watatu. Naimba kwaya ya parokia na jumuiya sikosi. Jumatano ya Majivu inakaribia na mimi tayari nimechoka. Kila mwaka naahidi kusoma masomo ya Misa ya kila siku kwa Kwaresima nzima. Naanza vizuri. Juma la kwanza nasoma nimekaa, juma la pili nasoma nimesimama, juma la tatu Biblia inarudi juu ya kabati na mimi nabaki na tafakari za kwenye simu. Hizo ni nyingi mno: ya paroko wetu, ya padre wa parokia jirani, ya katekista, na sauti zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo hata sijui nani aliniingiza. Nasikiliza huku nashona, namtumia na mwenzangu, jioni ukiniuliza somo lilisemaje sina jibu.

Wenzangu wa jumuiya husema Neno limewagusa. Mimi sisikii kitu. Na yapo masomo ambayo nikiyaona tu nafunga kitabu, hasa haya ya kusameheana. Miaka mitatu iliyopita nilikopa kwenye kikoba shilingi milioni moja na laki tatu, nikampa mdogo wangu wa kiume aongezee anunue pikipiki ya biashara. Pikipiki aliiuza, akahamia Mwanza, na deni nikalilipa mimi kwa kushona usiku. Siku nzuri, nikishatoa gharama, nabaki na elfu kumi na mbili, kwa hiyo unaweza kuona nilivyoumia. Nilimpa ukweli wake siku ya mahari ya binti wa shangazi, watu wote wapo na wakwe wa mdogo wangu wapo, na tangu siku hiyo hatujasemezana. Mama analia kila nikimpigia. Nadhani nimeshasamehe moyoni, ila sitaki kumwona.

Naomba unisaidie. Nifanyeje ili nisome mpaka mwisho safari hii? Au niache, nibaki na Rozari na Njia ya Msalaba ambavyo naviweza? Na je, nakosa nikipokea Komunyo huku sisemi na ndugu yangu?

Fundi, Morogoro

*

Dada yangu,

Umeandika kuhusu kusoma, kisha ukaandika kuhusu mdogo wako, na katikati ukaweka sentensi moja tu ya kuviunganisha: kwamba yapo masomo ukiyaona unafunga kitabu. Hiyo ndiyo sentensi niliyokaa nayo muda mrefu kuliko nyingine zote. Mtu ambaye Neno halimgusi hana sababu ya kufunga kitabu. Angesoma mpaka mwisho, akakiweka pembeni, akaendelea kupika. Wewe unafunga kwa sababu umeguswa, tena penye kidonda.

Nianze na usomaji wenyewe, maana huo ni mwepesi kurekebisha.

Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake Kanuni, na katika sura ya 48 akapanga saa za kazi na saa za kusoma. Kwa Kwaresima aliagiza kila mtawa apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome kwa mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Kimoja tu. Akaagiza pia mzee mmoja au wawili wazunguke saa za kusoma, waangalie kama yupo ndugu anayekaa bure au kupiga soga badala ya kusoma. Kanuni hiyohiyo ndiyo Wabenediktini walikuja nayo Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, kwa hiyo si habari ya mbali na kwetu. Fikiri basi: watawa wale hawakuwa na watoto wa kuwahisha shule, hawakuwa na gauni la mteja linalotakiwa kesho asubuhi, na bado mwanzilishi wao aliona lazima wawekewe wa kuwaangalia. Usijihesabu mlegevu kuliko wote kwa kuwa juma la tatu limekushinda. Umejitwika mzigo ambao Benedikto asingemtwika mtawa.

Kwa hiyo mwaka huu usiahidi kusoma masomo yote. Soma machache, uyasome sana. Nitakutajia sita mbele kidogo. Kila moja lisome siku yake, na siku zinazofuata rudi kwenye hilohilo mpaka lifike lingine. Masomo ya siku nyingine utayasikia ukibahatika kwenda Misa. Usipobahatika, hakuna aliyekuwekea daftari la mahudhurio.

Lisome kwa sauti. Nyumba ikiwa imelala, kwa sauti ndogo, lakini midomo icheze na masikio yako yapate kazi. Maandiko haya yalitungwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakisomewa. Kitabu cha Nehemia kinatuonyesha Ezra akiwasomea watu Sheria tangu asubuhi hadi adhuhuri, wanaume na wanawake wamesimama wanasikiliza, na watu wakalia. Paulo naye aliwaagiza Wathesalonike barua yake isomwe mbele ya ndugu wote. Jicho la mtu aliyechoka huteleza juu ya maneno anayoyafahamu tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Ulimi hauwezi kuteleza hivyo, lazima upite kwenye kila neno.

Tafakari za kwenye simu sizipingi. Mapadre na makatekista wanazifanyia kazi kwa moyo, na mgonjwa aliyelazwa hospitalini huenda hana kingine. Shida yako ni mpangilio. Unaanza na maneno ya mtu kuhusu Injili kabla hujaisikia Injili yenyewe, na ukishasikiliza tafakari nne za watu wanne, huna nafasi iliyobaki ya kuulizwa swali lako mwenyewe. Wale mapadre hawajui habari ya pikipiki. Basi soma kwanza, nyamaza, kisha kama bado una hamu sikiliza mmoja, yule unayemwamini, na usimtumie mtu mwingine mpaka kesho yake.

Nyinyi wa jumuiya mnazijua hatua saba zile zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua neno au fungu na kulitamka, kunyamaza, kushirikishana, kuona la kutenda, kusali. Hatua ya nne ndiyo tunayoiua. Msomaji akimaliza tu, mwenyekiti anakohoa, mtu mmoja anaanza kueleza, na kimya kimepotea. Wewe ukiwa peke yako huna mwenyekiti. Chukua neno moja au fungu moja lililokukwama, ushone nalo. Una kazi nzuri kwa jambo hili. Mashine inakwenda, mikono inajua njia, kichwa kiko huru.

Hayo ndiyo ya usomaji. Sasa masomo yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Masomo ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, ndiyo maana Injili ya Dominika unayoisikia mwaka huu huisikii mwakani. Siku za juma za Kwaresima si hivyo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza waamini wafunguliwe hazina ya Biblia kwa upana zaidi, na mwaka 1969 Roma ikatoa mpangilio mpya wa masomo. Katika mpangilio huo siku za juma za Kwaresima zina masomo yaleyale kila mwaka, na somo la kwanza na Injili vimechaguliwa ili visikilizane. Isipokuwa siku ikigongana na sherehe, kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi au ya Kupashwa Habari tarehe 25 Machi, lile unaloliruka mwaka huu ndilo uliloliruka mwaka jana na mwaka juzi. Limekuwa likikungoja siku ileile.

Nimeyapanga sita yanayokuhusu, na utaona hakuna haja ya kuyatafuta kwa mbali. Kwaresima yenyewe imeyapanga.

La kwanza liko Jumatatu ya juma la kwanza, Mambo ya Walawi sura ya 19. Wengi tunalipita haraka kwa sababu Injili ya siku hiyo ni ile kubwa ya Mathayo 25, kondoo na mbuzi. Mimi nakuomba ubaki Walawi. Mungu anawaambia watu wake wasiibe, wasidanganyane, ujira wa kibarua usilale kwao hadi asubuhi (kama una binti anayekusaidia kupiga pasi na kushona vifungo, hilo ni lenu nyote wawili), kisha anafika kwa ndugu. Anakataza mtu kumchukia ndugu yake moyoni, na papo hapo anaagiza amkemee, amwambie kosa lake waziwazi, asije akabeba dhambi kwa ajili yake. Halafu ndipo inakuja amri ya kumpenda jirani. Angalia mfuatano huo. Kusema kosa kumewekwa kabla ya upendo, kama mlango wa kuingilia. Wewe umeandika kwamba umesamehe moyoni ila hutaki kumwona. Walawi haikubaliani na moyo unaonyamaza namna hiyo. Inasema ukinyamaza na chuki inabaki, dhambi unaibeba wewe uliyekosewa.

Utaniambia: mimi sikunyamaza, nilimpa ukweli wake. Ndiyo, ulimpa. Tutafika huko.

La pili ni Jumanne inayofuata, Mathayo 6, Yesu anapofundisha Baba Yetu. Unaisali mara nyingi kwenye Rozari, kwa hiyo nakuonyesha jambo moja tu. Akishamaliza kufundisha sala hiyo, kati ya maombi yote yaliyomo, Yesu anarudi kueleza moja peke yake: la kusamehe. Haelezi zaidi habari ya mkate, wala ya ufalme, wala ya kishawishi. Anarudi pale tunapotaka kupita haraka.

Na somo la kwanza la siku hiyohiyo, Isaya 55, linajibu malalamiko yako kwamba husikii kitu. Nabii analifananisha Neno la Mungu na mvua inayoshuka na isiyorudi juu kabla ya kuilowesha nchi, ikachipusha, ikampa mpanzi mbegu na mlaji chakula. Nyinyi wa Morogoro mnaijua masika ya Machi. Hakuna mkulima anayesimama shambani siku ya mvua ya kwanza akalalamika kwamba haoni mahindi. Nabii ametaja hatua kwa hatua, na chakula kiko mwisho kabisa. Wenzako wakisema wameguswa, mshukuru Mungu pamoja nao. Wewe kazi yako ni kuwa pale mvua inaponyesha.

La tatu, Ijumaa ya juma la kwanza, Mathayo 5. Hili ndilo gumu kwako, na ndilo linalogusa swali lako la Komunyo. Yesu anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka jambo kati yake na ndugu yake. Aiache sadaka pale, aende kwanza wapatane, ndipo arudi. Tumelisikia mara nyingi, na masikio yetu yamelibadilisha. Tunadhani mtu yule amekumbuka kwamba ndugu yake amemkosea. Soma tena polepole. Anachokumbuka ni kwamba ndugu yake ana neno juu yake.

Je, mdogo wako ana neno juu yako?

Umeandika kwa haraka kwamba ulimpa ukweli wake siku ya mahari, wakwe zake wakiwepo. Ukaendelea na mama anayelia. Dada yangu, deni ni la kweli, naye amekosa, tena sana: alichukua jasho lako, akauza pikipiki, akaondoka. Lakini kijana wa kiume aliyeaibishwa mbele ya wakwe zake amebeba kitu ambacho huenda kinamzuia kupiga simu kuliko hata deni lenyewe. Fedha unaweza kuzirudisha kidogo kidogo. Maneno yaliyosemwa mbele ya ukoo wa mke hayana pa kuyarudishia, ila kwa aliyeyasema. Sikuambii kwamba mmetoka sare. Nakuambia tu kwamba Injili ya Ijumaa hiyo inakuhusu kwa upande ambao hukuutarajia, na kwamba wewe una jambo la kuanzia ambalo halitegemei yeye alipe.

Kuhusu kupokea Komunyo, peleka jambo hili kwenye Kitubio, uliseme lote, pamoja na siku ya mahari. Padre anayekusikiliza ana nafasi ya kukuuliza na kukushauri ambayo mimi sina. Kwaresima mapadre hukaa muda mrefu zaidi kuungamisha, kwa hiyo usingoje foleni ya Juma Kuu.

La nne, Ijumaa ya juma la pili. Somo la kwanza ni Mwanzo 37: Yosefu anawafuata ndugu zake Dothani, wanamvua kanzu, wanamtumbukiza kisimani, wanamuuza kwa vipande ishirini vya fedha. Misa ya siku hiyo inakomea hapo. Wewe usikomee hapo. Chukua siku kadhaa, usome sura ya 42 mpaka ya 45, hata kama hazimo katika kalenda ya liturujia.

Nakuomba hivyo kwa sababu tumemfanya Yosefu kuwa mtu aliyesamehe kwa dakika moja. Hakusamehe hivyo. Anatajwa akiwa na miaka 17 habari yake inapoanza. Alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake. Hesabu inafika miaka 22. Na walipokuja kununua nafaka hakuwakumbatia. Alijifanya hawajui, akasema nao kwa ukali, akawaweka kifungoni siku tatu, akamzuia Simeoni, akataka waje na Benyamini. Kisha akaamuru kikombe chake cha fedha kitiwe ndani ya gunia la Benyamini, ili aone kama watamwacha huyu mdogo kama walivyomwacha yeye. Katikati ya hayo yote anakwenda pembeni kulia, anarudi, anakwenda tena kulia, ananawa uso, anaagiza chakula kiandaliwe. Anayegeuza mambo ni Yuda, yuleyule aliyetoa wazo la kumuuza. Safari hii Yuda anajitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao. Hapo ndipo Yosefu anashindwa kujizuia, na analia kwa sauti hata watu wa nyumba ya Farao wanasikia.

Naipenda sana habari hii kwa sababu haimdanganyi mtu aliyeumizwa. Yosefu aliangalia kwanza kama ndugu zake wamebadilika. Wewe pia una haki ya kuangalia. Kumsamehe mdogo wako hakukulazimishi kumkopea tena kikoba, wala kumdhamini, wala kujifanya pikipiki haikuwepo. Akija kesho na wazo jingine la biashara, mwambie hapana, na usione haya. Lakini uone pia alichofanya Yosefu tangu safari ya kwanza, kabla hajaona badiliko lolote: aliwajazia magunia nafaka, na fedha zao akazirudisha ndani ya magunia hayohayo. Waliopokea fedha kwa kumuuza, yeye aliwarudishia fedha zao. Alikuwa bado hajawaamini, lakini hakutaka wafe njaa.

Hapa niongeze neno kwa wasomaji wengine. Kama aliyekukosea anakupiga, au anamtishia mtoto wako, masomo haya si amri ya kurudi ndani ya nyumba hiyo. Yosefu alijitambulisha akiwa mahali ambapo hakuna aliyeweza kumtumbukiza tena kisimani.

La tano ni kesho yake, Jumamosi ya juma la pili, Luka 15, baba na wana wawili. Katika mwaka C unalikuta tena Dominika ya nne. Mahubiri mengi humfuata yule mdogo: amekula mali, amelisha nguruwe, amerudi, amevikwa pete. Wewe fuata yule mkubwa. Yuko shambani, anasikia muziki, anamuuliza mtumishi. Hakosei hata neno moja katika hesabu yake: amefanya kazi miaka mingi, hajapewa hata mwanambuzi, na huyu amemaliza mali. Kila dada mkubwa aliyelipa deni la mdogo wake anaweza kusimama pale nje na kusema maneno yaleyale.

Baba anatoka nje kwa ajili yake pia. Tunakumbuka alivyomkimbilia mdogo njiani, tunasahau kwamba jioni ileile aliacha karamu na wageni, akatoka kumbembeleza mkubwa. Hamwambii kwamba hesabu yake ni ya uongo. Anamwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Na Luka anaacha habari hapo. Hatuambiwi kama yule mkubwa aliingia. Siku hiyo, ukishasoma, usitafute tafakari ya mtu yeyote. Kaa nje pamoja na yule kaka mkubwa, umwambie Baba kila kitu, hata yale ya hasira. Sala ya namna hiyo ni sala kamili.

La sita, Jumanne ya juma la tatu, Mathayo 18. Nadhani hili ndilo linalokufanya ufunge kitabu kuliko yote, kwa sababu linaongelea deni waziwazi. Mtumishi anadaiwa na mfalme talanta 10,000, anasamehewa. Anatoka nje, anamkuta mwenzake anayedaiwa naye denari 100, anamkaba koo.

Mara nyingi tunaambiwa denari 100 ni fedha kidogo, vijisenti. Hapana. Denari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama inavyoonekana katika Mathayo 20. Denari 100 ni siku 100 za kazi. Sasa chukua hesabu yako: milioni moja na laki tatu, kwa elfu kumi na mbili za siku nzuri, ni siku 108. Unamdai mdogo wako karibu kiasi kilekile alichokitaja Yesu. Hakukitaja kwa kubahatisha kitu kidogo ili aliyeumia aonekane mchoyo. Alitaja hasara ambayo mtu wa kipato chako anailalia njaa. Anakuamini kwamba uliumia.

Ila akaweka kando yake deni jingine. Talanta moja ilikuwa kama denari 6,000, kwa hiyo talanta 10,000 ni siku milioni 60 za kazi, deni ambalo ukoo mzima ukifanya kazi vizazi kwa vizazi hauligusi. Na kosa analohukumiwa yule mtumishi ni kwamba aliyesamehewa kiasi kile alishika koo la mwenzake, na mwenzake alipoomba muda, maneno yaleyale aliyotoka kuyasema yeye mbele ya mfalme, hakutaka kuyasikia. Mimi nasoma hivi: kudai si dhambi, kukaba ndiyo dhambi. Kama ukiamua kumsamehe mdogo wako fedha zote, ni tendo kubwa, lakini liamue ukiwa umetulia na si kwa kulazimishwa na barua yangu. Kama ukiamua alipe elfu ishirini ishirini kwa mwezi, huo nao ni upatanisho wa heshima, kwa kuwa unamrudishia nafasi ya kuwa mtu anayelipa.

Rozari na Njia ya Msalaba ya Ijumaa usiviache. Hujaombwa kubadilisha kimoja kwa kingine, na kituo ambacho Simoni wa Kirene analazimishwa kubeba mzigo usio wake utakisikia tofauti mwaka huu.

Kisha piga simu. Siichagulii tarehe, lakini nisingevuka Jumanne hiyo ya juma la tatu. Andika kwanza kwenye karatasi utakachosema, kisizidi mistari minne. Anza na siku ya mahari: mwambie ulikosea kumsema mbele ya wakwe zake, na umwombe radhi kwa hilo peke yake, bila "lakini". Umwache anyamaze kama atanyamaza. Mambo ya fedha yapeleke simu ya pili, siku nyingine, mkiwa wawili tu. Mama usimweke katikati. Amebeba vya kutosha, na ukimfanya mjumbe kila neno litafika Mwanza likiwa limelowa machozi yake.

Huenda asipokee. Huenda akapokea akajibu vibaya, maana aibu nayo ina ulimi mkali. Umekwisha fanya sehemu yako ya siku hiyo. Utajaribu tena baada ya Pasaka. Jumatano inayofuata ile Jumanne ya juma la tatu, somo la kwanza ni Kumbukumbu la Torati sura ya 4, Musa akiwaomba watu wasiyasahau waliyoyaona kwa macho yao, wawasimulie watoto na wajukuu. Lisome kwa sauti, watoto wako watatu wakiwa macho.